Kununua Nyumba Eastlands: Anza na Ardhi, Malizia na Vigae

Siku hizi mkazi wa Nairobi anayetafuta nyumba ya kifahari halazimiki kuvuka mji hadi Karen au Lavington. Katika mitaa ya Buruburu, Donholm, Greenfields, Komarock, Nyayo Embakasi na Utawala, zipo nyumba za ghorofa moja zenye maegesho, vyumba vya kulala vyenye bafu, lango la umeme na kamera za ulinzi. Bei yake huhesabiwa kwa mamilioni ya shilingi. Kwa wanunuzi wengi, fedha hizo ni akiba ya Sacco, malipo ya kustaafu au mkopo wa benki utakaolipwa kwa miaka mingi.

Ndiyo maana kosa moja katika ununuzi linaweza kumeza jasho la maisha. Makosa mengi hutokana na jambo moja: mnunuzi huanzia mahali pa kumalizia. Hupendezwa na vigae, kabati za jikoni na rangi ya ukuta, akaacha ardhi na stakabadhi ziangaliwe baadaye. Mpangilio ulio salama ni ardhi kwanza, stakabadhi pili, jengo tatu, na urembo mwisho. Kigae kikipasuka hubadilishwa. Ardhi ikiwa ya mtu mwingine, hakuna fundi wa kuirekebisha.

Yafuatayo ni makosa saba ambayo kila mnunuzi anapaswa kuyaepuka.

Kosa la kwanza: Kutojua nyumba imesimama juu ya nini

Mnamo Novemba 2011, nyumba nyingi za Syokimau, mtaa unaopakana na eneo la Embakasi, zilibomolewa kwa maelezo kwamba zilijengwa kwenye ardhi ya uwanja wa ndege. Miongoni mwake yalikuwamo majumba ya kifahari ambayo wenyewe walikuwa wameshahamia. Oktoba 2023, ubomoaji mwingine ulifanyika Athi River, kwenye ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland Cement. Katika visa vyote viwili, ubora wa jengo haukumwokoa mtu.

Eastlands ina maeneo mengi yanayohitaji tahadhari ya aina hiyo. Mito ya Nairobi, Ngong na Mathare hupita kati ya mitaa yake, na sheria hutenga ukanda wa kando ya mto, kati ya mita 6 na mita 30 kulingana na upana wa mto wenyewe. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwakumbusha wakazi kwamba mto haujali hati. Kuna pia hifadhi za barabara, njia za nyaya za umeme wa nguvu kubwa, reli na njia za ndege.

Mnunuzi amwajiri mpimaji ardhi aliyesajiliwa, aende naye hadi kwenye ploti, na mawe ya mipaka yalinganishwe na ramani rasmi. Si ajabu mtu kuonyeshwa ploti moja na kuuziwa nambari ya nyingine.

Kosa la pili: Kuamini karatasi yoyote yenye mhuri

Sehemu kubwa ya Embakasi, Ruai, Njiru na Kayole iligawanywa kupitia kampuni za kununua mashamba au kwa mgao. Kwa hivyo muuzaji anaweza kuleta cheti cha hisa au barua ya mgao badala ya hatimiliki. Karatasi hizi hazina uzito sawa.

Mahakama ya Juu ililieleza jambo hili wazi mnamo Septemba 2023, katika kesi ya kampuni ya Torino Enterprises iliyohusu ardhi ya Embakasi, upande wa Kayole. Kampuni hiyo ilikuwa imenunua ardhi kutoka kwa kampuni nyingine iliyokuwa na barua ya mgao. Mahakama ilisema barua ya mgao ni ahadi tu ya kupewa ardhi. Masharti yake yasipotimizwa kwa wakati, aliyepewa hana cha kuuza. Torino ilishindwa.

Hata hatimiliki yenyewe haitoshi kama chimbuko lake lina kasoro. Aprili mwaka huohuo, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, mahakama hiyohiyo iliamua kwamba hati iliyotokana na mgao usiofuata sheria haimlindi mwenye nayo, hata kama aliinunua kwa nia njema. Mnunuzi anatarajiwa kuchunguza historia ya ardhi hadi ilipotoka mara ya kwanza.

Wakili wa mnunuzi afanye upekuzi rasmi katika sajili ya ardhi. Kwa Nairobi, huduma hiyo hupatikana kupitia mfumo wa Ardhisasa uliozinduliwa Aprili 2021. Upekuzi huonyesha jina la mwenye ardhi, ukubwa wake, na kama ina rehani ya benki au zuio. Matokeo ya upekuzi yanayoletwa na muuzaji yasitegemewe. Mnunuzi afanye wa kwake, na aurudie siku chache kabla ya kulipa.

Kosa la tatu: Kutouliza miaka iliyobaki

Ardhi nyingi ya jiji ni ya kukodishwa na serikali kwa muda maalumu, mara nyingi miaka 99. Mtaa wa Buruburu, kwa mfano, ulijengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970. Ukodishaji wa miaka 99 ulioanza 1975 utakwisha 2074. Nyumba inaweza kuwa imepakwa rangi jana, lakini saa ya ardhi yake imekuwa ikihesabu kwa karibu nusu karne. Benki huangalia miaka iliyobaki kabla ya kutoa mkopo, na mnunuzi naye afanye hivyo.

Kosa la nne: Kulipa kwa pupa

"Kuna mwingine anakuja kesho na pesa taslimu." Maneno haya ya dalali yamewafanya wengi kutuma fedha usiku kwa simu. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Kisheria, mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote mbili na ushuhudiwe. Kwa desturi, mnunuzi hulipa amana ya asilimia 10 baada ya kutia sahihi, na fedha hizo huwekwa kwa wakili hadi masharti yatimizwe. Kwa nyumba ya shilingi milioni 12, amana hiyo ni shilingi milioni 1.2. Kila upande uwe na wakili wake, na jina la wakili lithibitishwe kwa Chama cha Mawakili nchini. Wakala wa nyumba naye anapaswa kuwa amesajiliwa na bodi ya mawakala wa mali.

Anayenunua nyumba ambayo bado ni mchoro awe mwangalifu zaidi. Malipo yafuate hatua za ujenzi, na mkataba ueleze fedha zitarudishwaje mjenzi asipomaliza.

Kosa la tano: Kumsahau mke au mume wa muuzaji

Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa bila idhini ya mwenzi. Muuzaji anaweza kuwa na hati yenye jina lake peke yake, lakini mke wake akienda mahakamani kwa kuwa hakuulizwa, mauzo yanaweza kubatilishwa. Idhini hiyo iwe ya maandishi. Ikiwa mwenye nyumba amefariki, mnunuzi ahakikishe mirathi imekamilika. Kauli ya mtoto mmoja wa marehemu kwamba "tumekubaliana nyumbani" haitoshi.

Kosa la sita: Kuamini jengo kwa macho

Usiku wa Aprili 29, 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la ghorofa lilianguka Huruma, karibu na mto, na kuua zaidi ya watu 45. Lilikuwa limekwisha kutambuliwa kuwa hatari kwa makazi. Watu waliendelea kuishi humo.

Mnunuzi ana haki ya kuomba michoro iliyoidhinishwa na kaunti, kibali cha ujenzi, usajili wa mradi katika Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na cheti cha ukaazi kinachotolewa jengo likikamilika. Michoro ilinganishwe na jengo lenyewe: kama iliidhinishwa ghorofa nne na zimesimama saba, hapo pana hatari. Katika mitaa ya zamani, vyumba vya kupangisha vilivyoongezwa nyuma ya nyumba au mbele yake navyo vinahitaji idhini. Anayenunua nyumba hununua pia tatizo la nyongeza isiyo na kibali.

Mhandisi aliyesajiliwa akague nguzo, nyufa, paa na unyevu. Malipo yake ni madogo ukiyalinganisha na bei ya nyumba. Mnunuzi mwenyewe arudi mara tatu: asubuhi, usiku, na siku ya mvua. Aulize majirani maji ya mfereji huja siku ngapi kwa wiki, maji taka huenda kwenye bomba kuu au kwenye shimo, na barabara hupitika masika. Kuuliza si ujinga.

Kwa fleti, kuna swali la ziada. Sheria ya Mali za Vitengo ya 2020 humwezesha mwenye fleti kupata hati ya kitengo chake, pamoja na sehemu yake katika mali ya pamoja. Mnunuzi aulize kama hati hizo zimetolewa, maegesho ni ya nani, na malipo ya kila mwezi ya ulinzi, lifti na usafi ni kiasi gani.

Kosa la saba: Kuhesabu bei peke yake

Bei iliyotangazwa si gharama yote. Ndani ya jiji, ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani ya mali. Kwa nyumba ya shilingi milioni 12, hizo ni shilingi 480,000, na mlipaji ni mnunuzi. Kuna pia ada za wakili, mthamini, mpimaji na benki. Kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida, ni ya muuzaji. Mkataba usiihamishe kimyakimya kwa mnunuzi.

Deni la kodi ya ardhi ya kaunti hufuata ploti. Kabla ya mauzo kukamilika, muuzaji anatakiwa kulipa anachodaiwa na kupata cheti cha kuthibitisha kwamba hana deni. Iwapo ardhi ni ya kukodishwa na serikali, cheti kama hicho huhitajika kwa kodi ya kila mwaka ya Serikali ya Kitaifa.

Kabla ya kutia sahihi

Mnunuzi ajiulize maswali haya:

1. Je, mpimaji amethibitisha mipaka, na nyumba iko nje ya hifadhi ya mto, barabara na umeme?
2. Je, wakili wangu amefanya upekuzi na kufuatilia chimbuko la hati?
3. Imebaki miaka mingapi ya ukodishaji?
4. Je, mwenzi wa muuzaji ameidhinisha kwa maandishi?
5. Je, michoro iliyoidhinishwa na cheti cha ukaazi vipo, na mhandisi amekagua jengo?
6. Je, vyeti vya kutokuwa na deni vimetolewa?
7. Je, nina fedha za ushuru na ada baada ya kulipa bei?

Jibu moja likikosekana, malipo yasubiri. Muuzaji wa haki atatoa stakabadhi na kumpa mnunuzi muda wa kuzichunguza. Anayekataa kuonyesha karatasi huku akiharakisha fedha ameshatoa jibu lake. Nyumba nyingine itapatikana Donholm au Utawala. Akiba ya miaka 20 hairudi kwa urahisi.