Chuo Kikuu Si Shule Kubwa Tu

Ndugu msomaji, ukiwauliza wanafunzi wa kidato cha nne chuo kikuu ni nini, wengi watakwambia ni shule kubwa isiyo na yunifomu wala kengele. Huko husomwa nini? Udaktari, sheria, uinjinia, basi! Jibu hili lina kasoro mbili, nazo humponza mtu siku ya kujaza fomu ya kuchagua kozi.

Kasoro ya kwanza ni kusahau upana wa masomo. Tuchukue Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1956 kikiwa chuo cha ufundi, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Ukienda Kabete utakuta kilimo na tiba ya mifugo, Chiromo, sayansi, Parklands, sheria, Kikuyu, ualimu.

Kasoro ya pili ni kudhani kwamba kazi ya chuo kikuu ni kufundisha tu. La hasha! Mhadhiri ana kazi mbili: kufundisha yanayojulikana na kutafiti yale ambayo bado hayajulikani. Tazama mifano hii mitatu.

(a) Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walihoji kwa nini fasihi ya Kiingereza iwe kitovu cha masomo Nairobi. Idara ikabadilishwa, fasihi ya Kiafrika ikapewa nafasi yake. Hatimaye fasihi simulizi ikaingia hata katika silabasi ya shule za upili.

(b) Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz, mwanaisimu wa chuo hicho, alichunguza mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, akatoa kitabu mwaka 1979. Kwa hiyo msidanganywe eti Kiswahili hakina utafiti!

(c) Mwaka 2001 watafiti wa Nairobi na wenzao wa Oxford walianza kujaribu chanjo ya virusi vya UKIMWI kwa watu waliojitolea. Chanjo ile haikuleta kinga iliyotarajiwa. Je, kazi ilikwenda bure? Hapana. Kujua njia isiyofika nako ni kujua, na wengine hawatapotea njia hiyo hiyo.

Hapo ndipo utaona maana ya majina ya shahada. Shahada ya kwanza humpa mtu msingi. Ya uzamili humwingiza katika utafiti. Ya uzamifu, neno litokanalo na "kuzama", humtaka alete jambo jipya. Wahenga walisema elimu ni bahari. Anayekariri huelea juu, na lulu ziko chini.

Basi, mwenzangu, kabla ya kujaza fomu usiulize tu, "Kozi gani ina mshahara mnono?" Jiulize pia, "Ni swali gani ningependa kulitafutia jibu?" Huenda swali hilo liko shambani kwenu, zizini, au katika mashairi ya babu yako.