Amana ya Macho

Ndugu Waislamu, msafiri wa gari la moshi atokaye Mombasa huipita nchi ya Makueni. Huko Konza, mpakani mwake na Machakos, Serikali imejenga ghala ya habari za wananchi. Ghala hiyo i nchini. Mwenyewe twamjua, nasi twaweza kumwuliza.

Lakini mwaka 2023 kampuni ya kigeni, Worldcoin, ilipiga Wakenya wengi picha za mboni za macho kwa ujira wa kiasi cha shilingi 7,000. Kesi ikapelekwa mahakamani, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru picha zifutwe: ridhaa iliyovutwa kwa ujira si ridhaa.

Dini yetu yatufunza kuwa amana hurejeshwa kwa mwenyewe, na kila mchunga ataulizwa. Basi na tuulize kabla ya kutoa.