Moto wa Mkesha Ukishapoa: Vidokezo vya Kuishi Imani Siku za Kazi

Usiku wa tarehe 31 Desemba makanisa yetu hayatoshi. Viti vya plastiki vinapangwa hadi nje, watoto wanalazwa kwenye khanga chini ya mabenchi, na ikigonga saa sita kila mtu anainua mikono akiahidi mwaka wa maombi. Sasa nenda kanisa hilo hilo mwezi Machi, kwenye maombi ya katikati ya wiki. Utawakuta akina mama wanane, mzee wa kanisa na mlinzi.

Siwalaumu ambao hawapo. Nami nimekosekana miaka si michache. Ila kwa muda mrefu nimekuwa nikiwaangalia wale akina mama wanane na kujiuliza wanashikilia nini hata Machi iwakute pale pale Desemba ilipowaacha. Mengi ya ninayoyaandika hapa nimeyaokota kwao.

1. Panga saa, usisubiri hamu

Hamu ya kuomba huja, ikaondoka, ikarudi inapotaka yenyewe. Danieli hakuitegemea. Sura ya 6 ya kitabu chake inasema alipiga magoti mara tatu kwa siku, na amri ya mfalme ilipotoka kuzuia maombi, alipanda chumbani kwake akaomba vile vile alivyozoea. Hakuanza jambo jipya siku ile ya hatari. Aliendelea na la zamani.

Basi shika saa moja isiyohamahama. Mama mmoja wa mtaani kwetu anayekaanga maandazi huomba alfajiri wakati unga unaumuka. Dereva mmoja wa daladala huomba ameketi kwenye usukani kabla hajawasha gari. Mimi huamshwa na adhana ya msikiti wa jirani: jirani yangu anatoka kwenda kuswali, nami nafungua Zaburi. Kama umezoea kushika simu kabla hujanawa uso, iache sebuleni usiku na ununue saa ya mezani. Na anza na dakika kumi. Wengi huanza na saa nzima. Wiki ya pili wamechoka, ya tatu wanaona aibu kurudi.

2. Soma kitabu kizima, usidokoe mistari

Mstari mmoja unaotumwa kwenye kundi la WhatsApp kila asubuhi ni mzuri, lakini ni kama kuonja mchuzi bila kula ugali. Injili ya Marko ina sura 16. Sura moja kwa siku, na baada ya wiki mbili na siku mbili umemaliza kitabu, unajua kinaanzia wapi na kinakwenda wapi. Zaburi ni 150: tano kwa siku, mwezi umeisha. Mithali ina sura 31, kwa hiyo tarehe yenyewe inakuambia leo ni sura ya ngapi.

Wanaosumbuliwa na Kiswahili cha Biblia ya Union, ile iliyokamilika mwaka 1952, waweke tafsiri ya Habari Njema kando yake wasome zote mbili. Na unapoifungua, kumbuka kidogo ilivyotufikia. Johann Ludwig Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo mjini Mombasa mwezi Juni 1844, akisaidiwa na kadhi wa mji. Mwezi uliofuata alimzika mkewe Rosine pamoja na binti yao mchanga. Kazi aliendelea nayo. Biblia nzima kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1891, Krapf akiwa amekwisha kufa miaka kumi nyuma.

3. Anzia kwenye mizani

Hapa nitakaa kidogo, maana naamini ndipo imani yetu inapovuja zaidi. Tunamtenga Bwana na kazi. Jumapili tunaimba kwa machozi. Jumatatu mkulima wa viazi anafungiwa lumbesa, gunia lenye kilemba juu, analipwa bei ya gunia la kawaida, na anayelinunua ni mwanakwaya. Sokoni kopo la sado limebonyezwa chini ili lipunguze kiasi, na juu ya meza ya nyanya kumebandikwa jina la Yesu. Mithali 11 inaanza na jambo hilo hilo la mizani ya udanganyifu, na inaliita chukizo kwa Bwana. Katika mashauri yote ya kitabu kile, mizani ya sokoni imepewa nafasi ya heshima. Mhubiri wako akilipita, wewe usilipite.

Nina fundi cherehani ambaye amenifundisha zaidi kuliko semina nyingi. Nilimpelekea kitambaa Jumatatu, nikamwambia nina harusi Jumamosi. Akahesabu kazi zilizokuwa zinaning'inia ukutani, akasema, "Ndugu yangu, Jumamosi nitakudanganya. Mpelekee mwenzangu pale mbele." Kwa mji uliozoea "njoo kesho", neno lile lilinigusa. Alipoteza pesa ya siku hiyo. Nguo zote za nyumbani kwetu sasa anashona yeye, lakini hakusema kweli kwa ajili ya hilo, na hakujua kama ningerudi. Nilipomuuliza siku nyingine, alisema tu kwamba Wakolosai 3 inamtaka afanye kazi kama anamfanyia Bwana, na Bwana hawezi kumwambia aje kesho.

Jiulize basi, kazini kwako kopo lililobonyezwa ni lipi? Kwa mwalimu linaweza kuwa kipindi alichosaini bila kuingia darasani. Kwa karani ni faili linalolala mpaka lipewe "chai". Kwa mwajiri ni mshahara wa dada wa kazi unaocheleweshwa hadi tarehe 15 huku sadaka ikitolewa kwa wakati. Chagua moja tu, ulinyooshe mwezi huu. Utaona maombi yako yanavyobadilika. Ukiwa umemlipa dada wa kazi kwa wakati, Baba Yetu unaisali bila aibu usoni.

4. Uwe na watu watakaokuulizia

Mkristo wa peke yake akitoweka, hakuna anayejua ametoweka lini. Ndiyo maana nawaonea wivu mwema ndugu zetu Wakatoliki kwa jumuiya ndogondogo. Maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele miaka ya 1970, na leo jirani asipoonekana mara mbili, mtu anabisha hodi kuuliza kama anaumwa. Kadi, mchango wa msiba, zamu ya kusoma neno: vitu vidogo vinavyomshikilia mtu asipeperuke.

Walokole wa mwanzo walilijua hili mapema. Mwaka 1929 Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Namirembe, wakakaa siku kadhaa wakisoma Biblia na kuomba, kila mmoja akiwa na kiu yake. Uamsho uliochipuka Gahini nchini Rwanda miaka iliyofuata ulivuka hadi Uganda, Burundi, Bukoba na Kenya. Mikutano mikubwa ilikuwepo, lakini kilichowalisha ni ushirika wa kila wiki, ambapo mtu aliungama dhambi yake kwa jina lake mbele ya wenzake na kuiacha pale. Hilo waliliita kutembea nuruni. Hata neno lenyewe "mlokole", ambalo siku hizi wengine wanalitumia kwa dhihaka, limetoka Kiganda na maana yake ni aliyeokoka.

Huhitaji kuungama mbele ya umati. Tafuta watu wawili wanaotunza siri, mkutane siku inayojulikana, muulizane maswali yanayouma kidogo. Swali la "umesoma?" ni jepesi. Swali la "umemrudishia yule pesa yake?" ndilo linalosaidia.

5. Sadaka ya siri iwe na tarehe

Harambee ina shangwe zake, na jina likitajwa kwenye kipaza sauti mfuko hufunguka wenyewe. Ongeza na ile ambayo hakuna atakayeitangaza: daftari za mtoto wa jirani, dawa ya mjane, luku ya mzee anayeishi peke yake. Ipangie tarehe kama unavyoipangia kodi ya nyumba.

6. Lala

Nasema kwa dhati. Wapo wanaomaliza nguvu zao zote kwenye kwaya, kamati, mikesha na semina, kisha wanafika nyumbani wakiwa wakali kwa watoto. Eliya alipokata tamaa hata akaomba kufa, katika 1 Wafalme 19, malaika alimpa kwanza mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena. Safari ilikuja baadaye.

7. Ukame ukija, usikimbie huku na huku

Utakuja. Utaomba na itakuwa kama unaongea na bati. Wakati huo ndipo tunaposhawishika kuhama kutoka kanisa moja hadi jingine, leo mafuta ya upako, kesho maji, keshokutwa kitambaa. Nawasihi jambo moja kwa uzito wote: mtu yeyote akikuambia uache dawa za sukari, za shinikizo la damu au ARV ili uthibitishe imani yako, ondoka hapo siku hiyo hiyo. Luka aliyeandika Injili ameitwa tabibu katika Wakolosai 4, na Paulo hakumwambia atupe mkoba wake.

Kwa siku za ukame mimi humkumbuka Johannes Rebmann. Alifika Rabai, ng'ambo ya Mombasa, mwaka 1846. Mei 1848 aliona theluji juu ya Kilimanjaro. Alipoandika habari hiyo, baadhi ya wasomi wa Ulaya walisema haiwezekani. Mkewe alifia pwani hii. Krapf, mwenzake, alirudi Ulaya kwa sababu ya afya. Rebmann akabaki, akikusanya maneno ya lugha za watu aliokaa nao, akihubiria kikundi kidogo sana. Alipoondoka mwaka 1875, baada ya miaka 29, macho yake yalikuwa karibu yamezimika kabisa, na mwaka uliofuata alifariki huko Ujerumani. Mkutano wa injili wa siku tatu ungetangaza waongofu wengi kuliko aliowaacha. Lakini kikundi kile hakikufa, na kanisa la Rabai lingalipo hadi leo.

Simsifu kwa kila jambo. Wamisionari wa wakati ule walikuwa na makosa yao kuhusu mila zetu. Ninachokichukua kwake ni kukaa. Siku ambayo huhisi chochote, fungua Zaburi saa ile ile. Zipo zilizoandikwa na watu waliojisikia kama wewe. Zaburi ya 88 inaanza gizani na inaishia gizani, na bado ni sala.

8. Ukianguka, rudi na ulichovunja mkononi

Petro alimkana Bwana mara tatu kando ya moto wa makaa. Katika Yohana 21, kando ya moto mwingine wa makaa, aliulizwa mara tatu kama anampenda. Bwana hakupita juu juu. Alimrudisha pale pale palipovunjika. Zakayo naye hakuishia kufurahi tu. Aliahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemnyang'anya.

Sisi tumezoea kutubu kwa jumla: "Bwana, nisamehe makosa yangu yote," kisha tunakwenda kula. Jaribu kutubu kwa majina. Kama ni deni, lipa hata kidogo kidogo, na mwambie mwenye pesa utamaliza lini. Kama ni neno ulilomsemea mtu kwenye kikao, nenda ukalifute kwenye kikao hicho hicho. Kama ni mtoto uliyempiga kwa hasira zako za kazini, piga magoti ufike usawa wa macho yake, umwombe radhi. Mtoto anayeombwa radhi na mzazi hujifunza toba mapema kuliko anayehubiriwa.

Mwaka jana nilimpigia simu ndugu niliyekosana naye kwa sababu ya kiwanja, baada ya miaka minne ya kusalimiana misibani tu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Alipopokea nikasahau yote, nikasema, "Kaka, nilikukosea." Akanyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama nimekula. Ukisoma hapa na jina la mtu fulani linakujia kichwani, usisubiri mkesha ujao. Mpigie leo.