Mtoto wa Paka Nyumbani

Hapa Magole mahindi yakishaingia ndani, panya nao huingia, na familia nyingi huchukua mtoto wa paka. Msimtenge na mama yake kabla ya wiki 8. Maziwa ya ng'ombe huweza kumharisha. Mpeni maji safi na ugali laini wenye dagaa wengi wasio na chumvi. Sumu ya panya iondoeni. Kinyesi chake kifukieni kila siku, ila mama mjamzito asikiguse: vimelea vyake huweza kumdhuru mtoto tumboni.

Akifikisha miezi 3, bwana mifugo amchanje kichaa cha mbwa. Ndiyo, paka naye huugua. Akimng'ata mtu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku ile ile. Msisubiri dalili, zikishaonekana, hakuna dawa ya kuponya.