Bolti Nayo Huchoka

Mwaka huu nimeonelea niwaletee somo kutoka gereji. Najua wako watakaouliza, "Kiswahili na bolti ni wapi na wapi?" Nawajibu kwamba Kiswahili ndicho kinachosemwa chini ya lori pale jua kali, basi na sayansi yake tuieleze kwa Kiswahili.

Jambo nitakalolieleza ni moja tu. Ziko bolti ambazo zikishafunguliwa hazifai kurudishwa, hata kama zinang'aa na meno yake ni mazima. Asiyejua hili huziona mpya zikitiwa akadhani fundi anamla pesa.

ISIOLO NA MAGARI

Mji wetu unaishi kwa magari. Kabla ya mwaka 2007 lami ilikuwa ikiishia hapa hapa kwetu. Kutoka hapa kwenda Archer's Post, Laisamis, Marsabit hadi Moyale ilikuwa ni vumbi, mawe na matuta madogo madogo yaliyopangana kama mabati. Leo lami inafika Moyale, safari ya takriban kilomita 500, lakini njia nyingi za vijijini bado ni za udongo na changarawe. Tena lori likishapakia ng'ombe hapa Isiolo, karibu mita 1,100 juu ya bahari, likishika njia ya Nanyuki hupanda kuelekea Timau hadi likapita mita 2,000. Mtikiso huku, mlima kule. Bolti zote za gari zinayasikia hayo.

BOLTI NI SPRINGI

Wengi wetu hudhani bolti hushika kwa sababu imekazwa "mpaka ikakataa". Sivyo. Ukikaza nati, bolti huvutika na kurefuka kidogo sana. Kwa kuwa inataka kurudia urefu wake wa kwanza, inavibana vile vyuma viwili pamoja. Yaani bolti iliyokazwa ni springi iliyovutwa.

Katika Fizikia tumesoma kanuni aliyoitoa Mwingereza Robert Hooke mwaka 1678: kitu kikivutwa, urefu unaoongezeka hulingana na kani inayokivuta. Lakini kanuni hiyo ina mpaka wake. Toa springi iliyo ndani ya kalamu. Ivute kidogo, uiachilie, itarudi. Sasa ivute kwa nguvu. Hairudi tena! Imebaki ndefu na legevu. Umeivusha mpaka wa unyumbufu. Bolti nayo ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba macho hayawezi kuona.

NAMBARI ZA KICHWANI

Ukitazama kichwa cha bolti nyingi utaona nambari kama 8.8 au 10.9. Si mapambo hayo. Tuchukue 10.9. Ile 10 ukiizidisha kwa 100 unapata 1,000, ndizo nyutoni ambazo kila milimita moja ya mraba ya chuma hicho huhimili kabla ya kukatika. Ile .9 inasema kwamba chuma hufika mpaka wa kutorudi kikiwa katika sehemu tisa kwa kumi za hizo, yaani nyutoni 900.

Bolti ya unene wa milimita 10, yaani kama kidole kidogo, ina takriban milimita 58 za mraba zinazobeba mzigo penye meno. Zidisha 58 kwa 900. Unapata nyutoni 52,200, sawa na uzito wa tani tano na kitu. Ni kama ng'ombe kumi na zaidi wananing'inia kwenye bolti moja! Na ikiwa na urefu wa sentimita 10, hapo itakuwa imerefuka chini ya nusu milimita tu. Ndiyo maana nasema jicho halitoshi.

BOLTI ZA SILINDA HEDI

Fundi anapokaza bolti kwa spana ya kipimo, sehemu kubwa ya nguvu zake, karibu tisa kwa kumi, humezwa na msuguano chini ya kichwa cha bolti na kwenye meno. Ni moja kwa kumi tu inayoivuta bolti. Kukiwa na kutu au mchanga, spana itasema "tosha" na bolti haijavutika inavyotakiwa.

Kwa ajili hiyo, injini nyingi za siku hizi hukazwa kwa njia nyingine. Bolti za hedi hukazwa kidogo kwa kipimo, halafu huzungushwa kwa pembe, kwa mfano digrii 90, kisha digrii 90 tena. Makusudi yake ni kuzivusha ule mpaka wa unyumbufu. Zikishafika huko, zote hubana karibu sawasawa, na gasketi hukandamizwa sawa kila upande. Hedi ya aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha bolti, na bolti hizi huweza kuivumilia hali hiyo bila kulegea.

Lakini faida hiyo ina malipo yake. Bolti imekwisha refuka na haitarudi. Ukiifungua ukairudisha na kuizungusha digrii zile zile, unairefusha juu ya urefu ule wa kwanza. Itakonda shingoni, nayo ama itakatika papo hapo ama itashika kwa ulegevu, na wewe usijue.

Likizo iliyopita nilikuwa nikisaidia katika gereji moja hapa mjini, kazi yangu kuosha vyuma kwa dizeli. Ikaja pikapu iliyounguza gasketi. Fundi akamwambia mwenye gari, "Mzee, gasketi peke yake haitoshi, nunua na bolti." Mzee akakataa katakata. "Wee fundi, bolti zenyewe si hizi, nzima kabisa? Rudisha hizo hizo." Zikarudishwa. Haikupita wiki tatu pikapu ikarudi ikivutwa kwa kamba, oili imechanganyika na maji ikawa kama chai ya maziwa. Hedi ilikuwa imepinda. Yule mzee akanunua gasketi ya pili, akalipa kazi mara ya pili, akalipia kusawazisha hedi, na bolti akazinunua pia. Hapo ndipo nilipoelewa maana ya rahisi ghali.

U-BOLTI ZA SPRINGI

Hizi ndizo zinazotuhusu zaidi watu wa Isiolo. U-bolti ni zile zilizokunjwa kama herufi U, zinazofunga springi za mapande kwenye ekseli. Lori likivunja springi, fundi hufungua U-bolti, akatia pande jipya, akafunga tena. Watengenezaji wa springi husema U-bolti zikishafunguliwa zitiwe mpya, pamoja na nati zake, kwa maana zimevutika na meno yake yameharibika.

Ikilegea, mambo hufuatana. Springi huanza kucheza, bolti ya katikati hukatika, halafu ekseli husogea nyuma upande mmoja. Gari huanza kwenda upande kama kaa wa pwani. Sasa fikiria lori hilo lina ng'ombe, na juu yao wameketi vijana watano. Anayelipia U-bolti kuukuu si mwenye lori. Ni wale vijana.

Jambo jingine: U-bolti mpya zikazwe tena baada ya mwendo mfupi wenye mzigo, kwa sababu springi zinakuwa zimekaa. Na zile zinazokunjwa kwa moto kutoka nondo za ujenzi si za kuaminika, maana chuma hicho hakikukusudiwa kazi hiyo.

NYINGINE ZA KUTUPA

Spliti pini ikishanyooshwa, tupa. Nati yenye pete ya plastiki ndani, iliyowekwa ili isijifungue, ikifunguliwa imepoteza mshiko wake. Wosha ya shaba ya mpira wa breki hupondeka ili izibe. Haipondeki vizuri mara mbili. Vyote hivi bei yake ni kidogo sana.

JE, ZOTE ZITUPWE?

La hasha! Bolti nyingi za gari hukazwa chini ya mpaka wa unyumbufu, kwa hivyo hurudishwa bila shida ikiwa meno ni mazima na hazina kutu. Bolti za magurudumu hufunguliwa kila siku. Hata za hedi, si zote za mara moja. Vitabu vya Toyota, kwa injini kadhaa, humwambia fundi apime bolti kwa kalipa na aitupe ikiwa imekonda au kurefuka kupita kiasi kilichoandikwa. Basi sheria ni hii: fuata kitabu cha gari. Kikisema mpya, iwe mpya. Kikisema pima, pima. Na kama kitabu hakuna na bolti imekazwa kwa digrii, nunua mpya.

Ukienda kununua, beba ile kuukuu. Linganisha urefu, unene, meno na nambari ya kichwani. Usikubali 8.8 mahali pa 10.9.

Wenzangu, wengi wetu tutakuwa wenye magari, madereva au mafundi, na sote ni abiria. Fundi akikuambia ununue bolti mpya, muulize sababu. Akikueleza kama nilivyoeleza, toa pesa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MSAMIATI

Kani: nguvu inayosukuma au kuvuta kitu.
Unyumbufu: tabia ya kitu kuvutika na kurudia hali yake.
Msuguano: ukinzani wa vitu viwili vinavyogusana na kusogea.
Kalipa: kifaa cha kupimia unene.

MASWALI

1. Kwa nini bolti huitwa springi katika makala haya?
2. Bolti ya 8.8 hufika mpaka wa kutorudi kwa nyutoni ngapi kwa kila milimita ya mraba?
3. Jadilini: "Mwenye lori anayerudisha U-bolti kuukuu anaweka akiba."