Barua Kutoka Burma

Ndugu wanakikundi, leo tuzungumze juu ya barua za askari wa KAR. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma, katika bonde la Kabaw. Wengi waliingia jeshini bila kujua kusoma. Basi askari alimwomba mwenzake amwandikie. Afisa akaipitia barua na kufuta habari za vita. Huku nyumbani mwalimu au karani akaisoma mbele ya watu. Sasa mume atamwambia mkewe nini hapo? Aliuliza ng'ombe, shamba, na kama pesa za mshahara zimefika. Na kama msomaji ndiye aliyezila? Wengine walijifunza kusoma huko huko jeshini. Tuulizane: barua na daftari la akiba la kikundi chetu husomwa na nani?