Kiungo Kinacholia Bila Maumivu

Mtu akiteguka kifundo cha mguu shambani, au akianguka na baiskeli, huenda uvimbe na maumivu yakaisha, lakini kifundo kikawa chalia "ko!" kila akipiga hatua. Wengi hudhani mfupa umevunjika, wakaenda kukandwa kwa nguvu. Na kukandwa huko kwaweza kudhuru kuliko mlio wenyewe.

Baina ya mifupa ya kiungo mna ute, na ndani ya ute mna hewa iliyoyeyuka. Kiungo kikivutwa ghafula, hewa hufanya povu, na mlio husikika. Mwaka 1947 wataalamu wawili wa Uingereza, Roston na Wheeler Haines, walipiga picha za eksirei za vidole vilivyovutwa, wakaiona nafasi hiyo. Kidole kilicholia hungoja kama dakika 20 kabla ya kulia tena.

Basi kifundo kinacholia kila hatua, mara nyingi sababu si hewa, bali ni ukano unaoruka juu ya mfupa, hasa misuli ikiwa imelegea. Mgonjwa asimame kwa mguu huo mmoja kila siku, ameshika ukuta, hata misuli ipate nguvu. Kiungo kikivimba tena, au kikikwama, au kikimwangusha njiani, hapo aende hospitali.